Maelezo ya Fundi Mkubwa Kuhusu Bunduki ya Panya

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Anajulikana kama: Fundi Mkubwa
Umri: miaka hamsini na moja
Kazi: fundi cherehani, suti na magauni
Makazi: nyumba iliyo nyuma ya karakana yake, mtaa wa maduka ya vitambaa
Uhusiano na mtuhumiwa: kaka yake, baba mmoja mama mmoja

Nimeambiwa niseme kweli, na kwamba nikidanganya nitashitakiwa. Nimekubali. Ningesema kweli hata bila kutishwa, ila nakiri kwamba leo nimetembea polepole kuja hapa.

Mimi nashona nguo tangu ujana wangu. Karakana tuliachiwa na marehemu baba. Ndani yake tuko watatu. Mimi nakata. Mdogo wangu anashona, na mtaa mzima unamwita Fundi Mdogo ingawa ananizidi kimo. Mama yetu anafunga vifungo na kupinda nguo kwa mkono. Ana miaka sabini na sita na macho yake yamekuwa hafifu, lakini vidole vyake bado vinaona. Ukimpa vitambaa viwili vyeusi atakuambia kipi sufu na kipi nailoni hata kabla hujamaliza kuuliza.

Ng'ambo ya ukuta wetu wa kulia kuna saluni ya binti mmoja ambaye sote tunamwita Msusi. Huo ninaouita ukuta ni plaiwudi nyembamba tu, mwenye nyumba aliipigilia kwenye mbao ili chumba kimoja kimlipe kodi mbili. Ukipiga chafya kwetu, Msusi anakuambia pole kwake.

Afande ameniuliza mafundi wa nguo wanataka nini na bunduki. Jibu ni panya. Mwezi uliopita walilitafuna gauni la bibi harusi siku mbili kabla ya kuchukuliwa, na hawakulitoboa tu, walilifanya tandiko la watoto wao. Tulishona jingine kwa hasara yetu, na bibi harusi alilia dukani kwetu kama aliyefiwa. Tukaweka mitego. Panya wakaizoea, wakawa wanakula chambo na kutuachia mtego umefunga mdomo. Sumu tulitia mara moja, wakafia darini, na kwa wiki nzima wateja walijaribu suti huku wamebana pumzi. Tukaazima paka, naye akazaa juu ya majora ya bitana.

Wazo la bunduki ya upepo lilikuwa la mdogo wangu. Naomba iandikwe kwamba alilitoa mwezi ule ule wa gauni, wakati yeye na Msusi bado wanaelewana na anampelekea chai kila asubuhi. Hapa kaunta nimesikia watu wakisema alinunua bunduki baada ya kukataliwa. Ni kweli ilinunuliwa baada ya kukataliwa, kwa sababu pesa ilichelewa kutimia. Kibali tulikuja kukiomba kituo hiki hiki, na aliyetugongea mhuri alicheka akatuuliza kama panya wetu wanavaa suti.

Mnamo Jumatano tarehe 10 ya mwezi huu, saa nne asubuhi, tulifika kwenye duka la zana za shamba na mawindo lililo nyuma ya maegesho ya malori. Mwenye duka ni mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Mdogo wangu alimweleza kwamba tunataka bunduki ya upepo, ndiyo ya kwanza kwetu, na mfuko wenyewe mwepesi. Mzee hakutuuliza tuna kiasi gani. Alituuliza tunataka kupiga nini, na ndani au nje. Tulipojibu panya, na ndani, akauliza swali ambalo tangu Jumatatu halijanitoka kichwani.

"Na ng'ambo ya ukuta kuna nani?"

Nikamwambia kuna msusi. Akatandika gunia juu ya kaunta, akapanga bunduki tatu.

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyepesi, na bei yake ilimng'arisha mdogo wangu macho. Mzee akamwambia asifurahi upesi. Ile inaendeshwa kwa mitungi midogo ya gesi, saizi ya kidole gumba, na kila baada ya panya kadhaa unanunua mtungi mwingine. Mitungi ikiadimika madukani unabaki na fimbo ya bei ghali. Kwa mtu wa mfuko mdogo, alisema, unafuu wa siku ya kwanza usikudanganye. Mimi nilimpenda hapo hapo, maana ni muuzaji anayekukataza bidhaa yake mwenyewe.

Ya pili ilikuwa mpya pia, ya springi, ndefu na nzito. Ile unaukunja mtutu chini mpaka springi ishike, ndipo unatia kidonge cha risasi na kuurudisha. Mdogo wangu ilimtoa jasho kuikunja. Alipofyatua nyuma ya duka, kidonge kilipita kopo pande zote mbili kikazama kwenye gogo. Akaishika kama mtu aliyekwisha kuilipia. Mzee akamwambia hiyo ni ya mashamba, ya mtu mwenye nafasi ya kukosea shabaha.

Ya tatu ilikuwa imetumika. Nayo ya springi, lakini fupi, na kitako chake kilikuwa kimepasuka kikagundishwa na kufungwa waya. Mzee hakuisifia. Alitufundisha kuikagua, kama mimi ninavyomfundisha mteja kukagua suti ya mtumba. Itikise usikie kama mtutu unacheza kwenye bawaba. Uchungulie mtutu dhidi ya mwanga uone kama ndani pana kutu. Piga vidonge vitano kwenye karatasi moja. Vikikaa pamoja, hata kama si katikati, bunduki ni nzima na ubovu ni wako. Sikiliza springi inavyolia, maana iliyochoka inakohoa. Na pesa yote usiimalize kwenye bunduki, bakiza ya vidonge, kwa sababu kila mtutu una vidonge unavyovipenda, na utajaribu aina mbili tatu kabla ya kuvijua.

Tulipiga vitano. Vilikaa pamoja. Kwenye kopo kidonge kilitoboa upande mmoja tu kikabaki ndani kinagongagonga. Mimi nikaomba kipande cha plaiwudi. Mzee alinitazama juu ya miwani, akakileta. Kidonge kiliacha kishimo kama cha ukucha, hakikupita.

Tulibishana mle dukani, sitaficha. Mdogo wangu aliitaka ile ndefu. Akasema, "Kaka, tukinunua dhaifu tutanunua mara mbili." Nami nikamjibu, "Tukinunua kali tutamzika mtu." Maneno hayo niliyasema mimi, mbele ya mwenye duka, naye anaweza kuulizwa. Tulichukua ile mbovu ya waya kwa sababu mimi ndiye mkubwa, na kwa sababu ndiyo iliyoshindwa kupita plaiwudi. Mdogo wangu alinuna mpaka tulipofika barabarani, kisha akaanza kuniigiza nilivyoibembeleza bei, tukacheka.

Kabla hatujatoka mzee alituita turudi. Aliikunja bunduki, akatuonyesha kitundu kidogo nyuma ya mtutu, pale pumzi inapotokea. Akasema hapo pasitiwe mafuta, hata tone. Mafuta yakiingia mle, springi ikiyabana yanawaka kama ndani ya injini ya dizeli, na bunduki inapata nguvu isiyo yake. Paka tone moja kwenye bawaba, kwa nje, basi. Mdogo wangu akasema hajapata kuona chuma kisichotaka mafuta. Mzee akasema, "Ndiyo nimekuonyesha leo." Tulisikia wote wawili, mimi na yeye. Afande naomba ulipigie mstari hilo, kwa kuwa linatukaba shingoni na pia ndilo linalotutoa.

Nyumbani mama hakutaka kusikia neno bunduki. Baba yetu aliuawa na risasi ya watu wasiojulikana, akitoka kununua nyuzi, na hatusemi zaidi ya hapo mbele yake. Kwa hiyo tulimwambia ni mashine ya panya. Aliipapasa, akakuta springi na bawaba, akaridhika kuwa ni mashine. Iliwekwa kwenye msumari karibu na mlango, pamoja na pasi na rula ndefu. Alhamisi na Ijumaa mdogo wangu aliua panya wanne. Vidonge viwili vilivyokosa vilipiga plaiwudi ya Msusi na kuacha vishimo. Msusi aligonga ukuta akauliza kama tunapigilia misumari. Hilo lilitupa moyo, maana ukuta ulikuwa unahimili. Nilimwambia ni panya, akacheka kidogo. Kwa mdogo wangu alikuwa hacheki tena siku hizo.

Naambiwa niseme kuhusu wao wawili, na nitasema, ingawa si jambo la kaka kusimulia. Walikuwa wachumba wa mdomoni. Mama alishaanza kumwita Msusi mwanangu, na kila Ijumaa Msusi alikuwa anamsuka bure huku wanasengenya mtaa mzima. Siku kama kumi kabla ya tukio, Msusi alimwambia mdogo wangu kwamba hataendelea naye. Sababu anaijua yeye. Mdogo wangu aliyapokea vibaya. Alitoka nje ya saluni akasema mbele ya wateja, "Iko siku utanikumbuka." Nilisikia, na mama alisikia, kwa kuwa ukuta wenyewe ndio huo. Kwangu yalikuwa maneno ya mwanamume aliyeumwa akakosa la kusema. Jioni yake alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia na nikamfumulia bila kumkemea.

Jumamosi tarehe 13. Kwetu Jumamosi ni siku ya mafuta, tangu enzi za baba. Asubuhi hakuna anayeshona. Mama anachukua kopo lake la mafuta ya cherehani, lenye mdomo mwembamba, na tambara, anaanza cherehani ya kwanza mpaka ya mwisho. Haoni vitundu, anavitafuta kwa ncha ya kidole, akikipata anadondosha, anasikiliza, anadondosha tena. Akimaliza cherehani anakwenda kwenye mikasi, bawaba za mlango, kufuli, feni. Kila chenye chuma na tundu kinapata haki yake. Tumekuwa tukimtania kwamba iko siku atampaka mteja mwenye meno ya bandia. Hatumwelekezi, hakuna anayemwelekeza mama kazi aliyoifanya kabla hatujazaliwa. Jumamosi hiyo mimi nilikuwa nimepeleka suti kwa mteja, na mdogo wangu alikuwa kwa muuza bitana. Tuliporudi karakana ilikuwa inanukia mafuta kama kila Jumamosi, na mama amekaa kiti chake amechoka na amefurahi.

Jumatatu tarehe 15, yapata saa saba na nusu mchana. Nilikuwa nachora chaki kwenye koti. Mama alikuwa uani anaanika mashuka. Panya alipita juu ya rafu ya kulia, pale lilipotundikwa gauni jingine la harusi. Mdogo wangu alinyanyuka taratibu, akaichukua bunduki, akaikunja, akatia kidonge. Nilimwona tangu mwanzo mpaka mwisho. Alimlenga panya. Hakuwa na njia ya kumwona mtu mwingine yeyote.

Alipofyatua, ililia mlio ambao ile bunduki haikuwa nao. Ijumaa ilikuwa inasema tap. Siku hiyo ilipasuka kweli kweli, masikio yangu yakavuma, na moshi wa bluu ukatoka mtutuni. Ukanuka mafuta ya cherehani yaliyoungua. Harufu hiyo naijua, mota ya cherehani ikiungua inanuka hivyo hivyo. Panya aliruka akaenda zake. Kwenye plaiwudi palikuwa na kitundu, na mwanga wa saluni unapita ndani yake.

Ng'ambo kitana kikaanguka sakafuni. Kisha mteja aliyekuwa anasukwa akapiga kelele, si Msusi. Msusi hakupiga kelele. Tulipoingia alikuwa amepiga magoti, kiganja kimefunika jicho la kushoto, na damu inapita katikati ya vidole. Akasema, "Kuna kitu kimeniingia." Alisema taratibu tu, kama anayeomba atazamwe kibanzi. Mdogo wangu alimbeba mikononi mpaka barabarani. Aliyesema alikuwa anatoroka ni mwongo. Alikuwa anakimbia na mgonjwa mikononi.

Daktari alisema kidonge kilikuwa kimepoteza nguvu kwenye ubao, bila hivyo kingefika kwenye ubongo. Jicho halikupona. Msusi ana miaka ishirini na saba, na kazi yake ni kugawa nywele nyembamba kuliko uzi.

Jumanne tarehe 16, saa mbili na nusu asubuhi, nilikuja hapa kumletea mdogo wangu chakula. Nikiwa kwenye foleni ya kaunta, niliwaona askari wawili vijana uani wakilenga kopo kwa bunduki yetu. Sisemi kwa ubaya, silaha mpya mkononi mwa kijana inawasha. Lakini nilisikia. Ya kwanza ilipasuka kwa kishindo, wakashtuka wakacheka. Ya pili ikapasuka, ya tatu nusu yake. Walipofika ya nane au ya tisa ilikuwa inasema tap, kama zamani. Nilijua kinachotokea. Mafuta yalikuwa yanaungua yanakwisha, na ushahidi wa mdogo wangu unatoka moshi mbele ya macho yangu. Nilimwambia askari wa kaunta awazuie. Akaniambia nisubiri zamu yangu.

Mchana huo mtaalamu wenu aliijaribu. Haikupita plaiwudi. Kwa hiyo imeandikwa kwamba bunduki ile haiwezi kutoboa ukuta ule, kwamba kile kitundu tulikitoboa mapema kwa msumari, na kwamba mdogo wangu alikiwekea mtutu akamlenga yule aliyemkataa. Ukitazama kwa macho ya mtu wa nje, nguo inakaa vizuri mwilini. Kuna bunduki, kuna kukataliwa, kuna iko siku utanikumbuka. Mimi mwenyewe nikiwa hakimu ningeivaa. Lakini kitundu cha msumari hakichanui ubao kwa upande mmoja. Ubao upo, upande wa saluni umechanuka kama ua na upande wetu ni laini. Nendeni mkaupapase.

Afande ameniuliza, kama ni mafuta, nani aliyatia. Ndiyo maana nilitembea polepole.

Sisi wawili tulionywa dukani. Mwenye duka ataitwa, na kwa jinsi nilivyomwona atasema kweli: kwamba alituonya sote wawili na kutuonyesha kitundu. Kwa hiyo ikisemwa tu kwamba bunduki ilikuwa na mafuta, mtauliza nani aliyejua kwamba mafuta yanaongeza nguvu, na jibu litakuwa mdogo wangu. Mafuta bila jina yanamfunga zaidi kuliko msumari. Aliyeyatia ni mtu ambaye hakuonywa. Aliyatia mama yetu.

Sikumwona akitia. Nilimuuliza jana Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, kwa kuzungukazunguka, kama Jumamosi alimaliza kazi yake yote. Akajibu huku anatafuna, "Yote. Hata ile mashine yenu ya panya, ilikuwa kavu imekauka kabisa. Niliifungua pale kwenye bawaba, nikakipata kitundu chake, nikaijaza mpaka ikakataa. Nyie mnanunua vitu hamvitunzi." Alisema hivyo kwa majivuno kidogo, kama mama anayelalamika kwamba hashukuriwi. Niliendelea kula. Sijui nilikuwa nakula nini.

Mdogo wangu analijua hili tangu Jumatatu, tangu ule moshi. Hakunena. Jumanne nilipompa chakula kupitia nondo, nilimnong'oneza kwamba ilinuka mafuta ya nyumbani. Akanishika mkono, akasema, "Kaka, ukimtaja mama, nitasema niliyatia mimi." Nikamwambia watamfunga. Akasema, "Wanifunge. Yeye akijua atakufa." Basi akija hapa kukiri kwamba yeye ndiye aliyetia mafuta kwa makusudi, mjue anadanganya, na mjue sababu. Sijawahi kumsaliti mdogo wangu. Leo namsaliti ili atoke.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mama anaamini mdogo wangu alifanya kwa makusudi. Alisikia yale maneno ya siku ile, alisikia mlio, akaona damu, akajumlisha. Tangu Jumatatu analala hospitalini kwenye kiti, karibu na kitanda cha Msusi, kwa kuwa binti yule hana mama mjini hapa. Anamlisha kwa kijiko. Mimi naye tunaonana akija kuoga na kula. Nilipomwambia twende tukamwone mdogo wangu mahabusu, alisema, "Mimi nina mtoto mmoja siku hizi, na binti mmoja aliyetobolewa jicho." Aliyataja hayo bila kupandisha sauti. Mama yetu hajawahi kumkana hata kuku.

Kwa hiyo niko hivi, afande. Nikinyamaza, mdogo wangu anafungwa na mama anamchukia mpaka kaburini. Nikisema, mdogo wangu anarudi kwa mama yake, lakini mama anajua kwamba mkono uliotoa jicho la yule binti anayemlisha ni wa kwake mwenyewe. Nimepima huku na huku kama kitambaa kisichotosha. Popote unapokata kuna mtu anabaki uchi. Nimekata hapa. Sina uhakika hata sasa.

Sitaki mama alaumiwe na sheria. Alifanya kazi yake ya Jumamosi. Wa kulaumiwa ni sisi tuliomwambia ni mashine, na hata hilo tulilifanya kwa kumhurumia.

Leo nimekuja naye. Nilimdanganya kwamba anahitajika kuthibitisha umri wa mdogo wangu. Amekubali kwa sharti kwamba hatapelekwa kumwona. Amekaa kwenye benchi la nje na pochi yake magotini. Hajui ninachosema humu. Ombi langu ni moja: asiambiwe na askari yeyote. Nipewe nafasi nimwambie mwenyewe, mimi niliye mkubwa, kabla hajaitwa kutoa maelezo yake.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyanusa. Nimesomewa yote, ni maneno yangu, sikulazimishwa.

Sahihi: (imewekwa) Fundi Mkubwa

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA

Nimeyaandika maelezo haya mimi, Mkaguzi Msaidizi wa zamu, leo Alhamisi tarehe 18, asubuhi. Nilipomsomea shahidi alisahihisha sehemu moja: niliandika bunduki ilikuwa kuukuu, akataka iandikwe mbovu.

Kuhusu askari wawili waliopiga makopo, nimewaita. Wamekiri, na wamekubali kwamba za mwanzo zililia kwa nguvu kuliko zilizofuata na zilitoa moshi. Hilo halikuwa limeandikwa mahali popote. Nimeagiza plaiwudi ing'olewe na kuletwa kama kielelezo, na bunduki ijaribiwe upya ikiwa imetiwa mafuta. Mwenye duka ataitwa.

Ombi la shahidi nililikubali. Alitoka akakaa na mama yake kwenye benchi. Niliwaona kupitia dirishani. Alimrekebisha mama kola ya nguo, akamfunga kifungo kilichofunguka, akazungumza naye kidogo, nikamsikia anaongelea kodi ya mwezi huu. Baada ya muda alirudi chumbani akaniambia ameshindwa.

Nimemweleza mimi. Nilimsimulia yote, kuanzia dukani, na nilimwambia kwamba mwanawe mdogo alikuwa tayari kufungwa ili yeye asijue. Hakuuliza kitu kuhusu sheria. Alivigusa vidole vyake kimoja kimoja, kisha akasimama, akauliza mahabusu iko upande gani.